Wifi wa Wote

Kidole gumba kilikuwa kwenye lebo.

Sajini aliigeuza ile chupa, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaigeuza tena. Alama ya kidole isingemshangaza, maana chupa hushikwa. Lakini hiki kilikuwa kidole chenyewe, kimechapwa kwenye karatasi pamoja na maandishi: kipande cha gumba la mtu, na ukucha wake mfupi, kimelala juu ya herufi ya mwisho ya jina la duka. Ilisomeka "Wifi wa Wot".

Mitaani walimwita mwanamke huyu Sajini Polepole, kwa kuwa alilitafuna jambo kama mtu mwenye jino bovu. Mkuu wake wa kituo alimwita hivyohivyo, ila yeye hakuwa anatania. Asubuhi hiyo Mkuu alikuwa amemwambia neno moja tu wakipishana mlangoni: "Kesho yule mama anapanda mahakamani. Ukiwa na la kusema, useme leo."

Aliichukua chupa akashuka nayo chumba cha mahabusu.

Mwanamke aliyekuwa ndani alikuwa ameketi juu ya kanga yake, kaupa ukuta mgongo. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Konstebo alipofungua, kitasa kikagonga ukuta.

"Shemeji, huo mlango haujakukosea kitu," mwanamke akamwambia konstebo. Kisha akamgeukia Sajini. "Na wewe wifi, leo umekuja na chai au na maswali?"

"Na maswali. Naomba mkono wako wa kulia."

Alikuwa hajawahi kuona mahabusu anayeutoa mkono kwa wepesi namna ile. Kwenye gumba, chini kidogo ya ukucha, palikuwa na kovu la mafuta ya moto, la duara kama punje ya dengu. Sajini akaisogeza chupa karibu. Punje ileile ilikuwa kwenye karatasi.

"Haa! Si kidole changu hicho?" mwanamke akasema. "Kimefikaje huko?"

"Wewe ndiye wa kuniambia."

"Mimi lebo zangu nachapisha kwa fundi wa uchapaji, zina ua na maandishi, basi. Nani anauza chupa na kidole? Hata mwenye bucha hauzi hivyo."

"Umewahi kupiga picha umeishika chupa yako?"

Mwanamke akaitazama tena lebo. Akaukunja mkono polepole, akauficha ndani ya kanga kama mtu aliyegundua kwamba ameibiwa kiungo.

"Ile ya ukurasani," akasema. "Ya kwanza kabisa. Nilikuwa nacheka."

Habari yake Sajini alikuwa ameshaichukua siku ya kwanza, na haikuwa ndefu. Mama huyu alichemsha mafuta ya nywele kwenye chumba cha nyuma cha duka lake. Kila mwanamke aliyeingia alimwita wifi, na wimbo wake ulikuwa mmoja: "Nywele hizi, wifi, kaka yangu akiziona atahama nyumba." Ndipo akaliita duka Wifi wa Wote. Kibao kilipopanda, vijana wakaanza kujazana barazani na simu zao, wanasoma "waifai ya wote", wanachungulia dirishani kuomba namba ya siri. Naye akawauzia mafuta ya ndevu.

Baadaye akawa na ukurasa kwenye mtandao ule ambao kila mtu yumo. Wateja wakafurika, wengine hata duka hawajawahi kuliona. Kisha, msimu wa mvua uliopita, aliamka asubuhi akafungua simu, simu ikamwambia namba ya siri si sahihi. Tangu hapo uso wake uliendelea kucheka pale ukurasani, ukiuza mafuta ambayo yeye hakuyapika. Na sasa mwalimu mmoja wa chekechea alikuwa wodini, ngozi ya kichwa imeungua, nywele zimetoka pamoja na bandeji. Chupa ilikuwa na jina la mama huyu, na duka lake lilikuwa limepigwa kufuli la serikali. Akishasomewa shitaka, leseni ingekufa, na jina lingeifuata kaburini.

"Ukurasa ulipopotea, ulitoa taarifa?" Sajini akauliza.

"Nilibonyeza pale panapoandikwa toa taarifa."

"Ukajibiwa?"

"Nikajibiwa."

"Na nani?"

"Wifi, pale hakuna mtu."

Sajini hakubisha. Yeye mwenyewe juzi alikuwa amewaandikia wenye mtandao kwa kompyuta ya kituo, akaweka cheo chake, akabandika picha ya muhuri. Jibu lilirudi kabla hajamaliza kuvuta kiti: Asante. Tumepitia ukurasa huu. Hatujaona kanuni iliyovunjwa.

*

Mume wa mwalimu alikuwa dereva wa lori. Sajini alimkuta kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, ndevu zimejaa kifuani, funguo zinamzunguka kidoleni bila yeye kuziangalia.

"Mafuta nilimwagizia mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Nilikuwa safarini. Nikaona niwe mume."

"Meseji zao unazo?"

Akampa simu. Sajini alizisoma zote, za juu hadi za chini, kisha akazirudia.

"Nisomee hii ya mwisho wewe."

"'Wifi, mzigo wako tumeukabidhi ofisi ya mizigo. Wifi, karibu tena.'" Dereva akacheka bila furaha. "Ndevu zote hizi naitwa wifi. Nikajua ni utani wa duka lao."

"Na picha yako hapa ni hii? Umeegemea lori?"

"Si unaniona."

"Yule mama wanaume wote anawaita shemeji. Hata konstebo anayemfungia mlango. Mwanamume hana wifi, ndugu yangu. Aliyekuandikia alinakili neno, hakulijua."

Dereva akazisimamisha funguo. Wodini, nyuma ya pazia la kijani, mtu alikuwa anaguna kila pumzi.

"Sajini," akasema, "mke wangu analala kifudifudi kama mtoto mchanga. Kioo tumekigeuza kikaangalia ukuta. Na wewe umekuja kunifundisha wifi na shemeji?"

"Nataka kumpata aliyefanya."

"Mmeshampata. Uso nimeuona mwenyewe kwenye picha. Alikuwa anacheka."

Alipokea simu yake, akaifuta kwenye suruali, akarudi kuzungusha funguo.

*

Mtaani kila aliyeulizwa ni nani anamchukia mama wa mafuta alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara bila kufikiri. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jingine jembamba la mafuta ya nywele, na mwenyewe alikuwa ni wifi yake wa kweli, dada wa marehemu mumewe. Mtaa ulimwita Bi Tovuti.

"Hodi."

"Karibu." Alikuwa mkavu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa inang'aa. "Nilikuwa nakungoja. Mtaa mzima umeshanifunga, umebaki wewe tu kuja kunichukua. Sasa najua kwa nini wanakuita Polepole."

"Wewe na wifi yako hamsemezani."

"Tunasemezana sana. Kupitia watu."

"Mliachana kwa nini?"

Bi Tovuti akaiinamisha sufuria ichuje maji. "Mafuta yale ni ya mama yangu. Yeye mkwe alimfundisha, mimi mama alinifundisha. Tukayauza pamoja, mezani pamoja, lebo moja. Alipopata ukurasa wake nikamwambia: wifi, hapa tunauza juu ya meza ya mtu. Tutengeneze tovuti yetu, jina letu, anwani yetu, hata kama ni ndogo. Duka likiwa wazi mbele ya wateja, akaniuliza kwa sauti, 'Nini? Kitovu? Kitovu ninacho mwenyewe, wifi, sihitaji cha pili.'"

Sajini akajizuia, lakini pembe ya mdomo ilimponyoka.

"Cheka tu," Bi Tovuti akasema. "Na wao walicheka. Tangu hapo sina jina, mimi ni Bi Tovuti. Watoto wa shule wanapita hapa wanashika matumbo yao."

"Na ukahama."

"Nikavuka barabara. Na tovuti nikatengeneza."

Alivaa miwani, akamwonyesha kwenye simu. Haikuwa na mbwembwe. Juu jina, chini picha ya duka lenyewe na ngazi zake mbili, kisha mtaa, namba ya simu, na picha ya kifuniko cha chupa kilichozibwa kwa nta na kugongwa kwa mkufu wa mama yake, ukaacha alama kama msuko.

"Wanaingia watu wengi?"

"Wachache. Siku nyingine naingia mimi tu, kuangalia kama ipo." Akaivua miwani. "Lakini hakuna wa kuniamsha asubuhi akaniambia namba ya siri si sahihi. Mtu akisikia habari mbaya, ana pa kuja kuuliza. Wifi yangu watu walimjua wengi, ila walimjua kupitia dirisha la mtu. Dirisha likifungwa, wataulizia wapi?"

Sajini akaiweka ile chupa mezani. Bi Tovuti hakuishika. Aliinamia mdomo wa chupa, akanusa, akarudi nyuma.

"Hii ni dawa ya kunyoosha nywele imezimuliwa, ikatiwa marashi. Mama akiinusa atafufuka atupige."

"Lebo unaitambua?"

Mwanamke akaangalia, akaona gumba, nyusi zikapanda. Akafungua mtoto wa meza, akatoa rundo la lebo za zamani zimefungwa kwa mpira, za enzi za meza moja. Wifi wa Wote, na ua, herufi zote zimetimia.

Hapo njia ile ikamfia Sajini mikononi. Mwenye rundo la lebo halisi mezani kwake hachapishi picha ya lebo iliyoshikwa na gumba. Aliyezichapisha hakuwa na lebo, wala chupa, wala hakuwahi kufika mtaa huu. Alikuwa na picha tu.

"Ule ukurasa," Sajini akasema, "alifungua mwenyewe?"

"Yeye? Yule kuandika jina lake anatoa ulimi nje. Alifunguliwa. Muulize fundi simu wa chini ya ngazi." Akairudisha sufuria jikoni. "Nguo ya kuazima, Sajini. Unajua haisitiri nini."

Sajini akasimama, kisha akakaa tena. "Nikuombe kitu. Kule ukurasani nimeandika tahadhari watu wasinunue, ikafutwa palepale, nami nikafungiwa. Wewe una mahali pako. Andika."

"Nimtetee yule?"

"Uwatetee wanaonunua."

Bi Tovuti aliandika kwa kidole kimoja, midomo inafuata herufi, naye Sajini akisoma kwa juu ya bega. Tahadhari. Ukurasa wa Wifi wa Wote unaotumia uso wa wifi yangu si wake tena. Mafuta yangu halisi. Akasimama hapo. Akafuta neno. Barabarani pikipiki ilipita, na wote wawili wakaisubiri ipite. Akaandika: Mafuta yetu halisi huzibwa kwa nta.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Ni ya mama."

*

Fundi simu alikuwa na kibanda kama kabati chini ya ngazi za jengo la maduka, skrubu zimenata kwenye sumaku, simu zimefunguliwa matumbo. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kumjibu bisibisi badala ya mtu.

"Ukurasa wa mama wa mafuta," Sajini akasema. "Ulimfungulia wewe."

"Nilimsaidia. Simu yake ilikuwa hapa, kioo kimepasuka. Akawa na haraka. Nikaufungua kwa namba yangu, tujaribu kwanza."

"Mkajaribu."

"Ukafanya kazi. Kitu kikifanya kazi, Sajini, fundi hakigusi."

"Na msimu wa mvua nani alikigusa?"

Bisibisi ikazunguka mahali ambapo hapakuwa na skrubu.

"Kuna mtu aliniandikia," fundi akasema. "Anatafuta kurasa zenye wafuasi wengi. Akaniuliza ule ni wa nani. Nikaangalia, namba ni yangu, jina la mfunguaji ni langu. Nikamjibu ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba ni wangu."

"Ukamuuzia."

"Alinitumia simu mpya. Nilifikiri yule mama atafungua mwingine. Watu hufungua mwingine."

"Na uso wake?"

"Nilijua atabadilisha picha." Fundi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Si ungebadilisha picha? Nani anataka kukaa na uso wa mtu?"

"Yeyote anayetaka uso huo uaminiwe kwa niaba yake. Ni nani huyo?"

"Sijawahi kumwona. Kwenye picha yake ni simba."

"Simba."

"Wa kuchora." Akampa namba. Sajini akaipiga palepale, akiwa amesimama. Ile sauti nyororo ya mwanamke asiyechoka ikamwambia namba haipatikani kwa sasa. Akapiga tena, sauti ikasema vilevile, kwa adabu ileile.

Fundi alieleza kila kitu upya kituoni, akaandikishwa, akaweka saini. Alipokuwa anatoka alisema mlangoni, bila kumtazama mtu, "Mama yangu anatumia mafuta yake. Yale ya kweli."

*

Mkuu wa kituo alikuwa na meza kubwa na feni inayogeuka upande wake peke yake. Nje ya geti ndugu wa mwalimu walikuwa wamesimama tangu asubuhi, kimya, na ukimya wao uliingia hadi ndani. Sajini alipanga vitu vyake mezani kama mama anayepanga nyanya.

"Lebo ina gumba. Aliyechapisha hakuwa na lebo, alikuwa na picha."

"Au alipenda picha yake," Mkuu akasema.

"Muuzaji anamwita dereva wifi. Mwenye duka angemwita shemeji."

"Nimwambie hakimu neno? Hakimu mwenyewe mke wake kutwa anamwita baba."

"Fundi simu amekiri aliuuza ukurasa."

"Aliuza kitu kilichosajiliwa kwa namba yake. Nipe kifungu cha sheria nimfunge nacho." Alingoja kweli, kalamu mkononi. Sajini hakuwa nacho. "Na alimuuzia nani, kasemaje?"

"Mtu mwenye picha ya simba."

Mkuu hakucheka. Hilo ndilo lililomsumbua Sajini zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko.

"Polepole," akasema kwa sauti ya chini, "huyu mama ana jina, ana uso, ana duka, ana leseni, na mlango ninaoweza kuubisha. Wako ana nini? Mkia?"

"Naomba simu ya yule mama."

Ilikuwa kwenye mtoto wa meza ya Mkuu, imefungwa kwenye bahasha, imezimwa tangu siku ya kukamatwa. Sajini aliiweka mezani hivyohivyo, imezimika. Kisha akachukua simu yake binafsi, ile ambayo ukurasa haukuwa umeifungia, akaandika mbele ya macho ya Mkuu: Mafuta bado yapo?

Wakakaa. Feni ikageuka, ikarudi. Simu ya yule mama ilibaki nyeusi. Ya Sajini ikalia.

Wifi karibu, mzigo upo. Uletewe wapi?

"Yeye yuko chini," Sajini akasema. "Simu yake iko hapa. Nani amenijibu?"

Mkuu aliisogeza simu karibu, akaisoma, akaisoma tena. Sajini aliona jambo likimwingia machoni, akaanza kupumua. Kwa mara ya kwanza siku ile aliachia mgongo uguse kiti.

"Kwa hiyo hayuko peke yake," Mkuu akasema.

"Mkuu..."

"Ana mshirika nje. Mtu anayeyajua mafuta, anayejua mambo ya mitandao." Alikuwa ameshatoa simu yake, anaandika jina la duka kwa vidole vinene. "Nilitafuta mchana, nikaona kitu. Hiki hapa. Hii si ya simba. Hii ina jina, mtaa, namba, hadi picha ya ngazi." Akasoma kwa sauti. "'Uso wa wifi yangu.' Wifi yake! 'Mafuta yetu halisi.'" Akaiweka simu chini taratibu. "Yetu, Sajini. Si umesema niangalie neno? Nimeliangalia. Kaandika mwenyewe, leo hii."

"Mimi ndiye niliyemwambia aandike."

"Neno 'yetu' ulimwambia wewe?"

Sajini alikumbuka kile kidole kimoja kikifuta neno, na pikipiki ikipita.

"Hapana," akasema.

"Mlete."

"Hahusiki, Mkuu. Ana lebo halisi, hana haja ya..."

"Wale watu getini wanataka watu. Sina wengine." Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyepewa kijiko azibe nacho bomba lililopasuka. "Niletee simba, nitawaachia wote wawili leo hii. Nakuapia."

*

Bi Tovuti alikuwa anafunika sufuria.

"Ala, Polepole, mara hii umekuja mbio."

Sajini alimweleza akiwa amesimama, kwa maneno machache, bila kumung'unya. Mwanamke alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kufunika sufuria zilizobaki, moja baada ya nyingine, kila moja na kifuniko chake.

"Kwa ajili ya neno moja," akasema.

"Lifute. Futa tangazo lote, sasa hivi, hapa. Nitamwambia sikukuta kitu. Hatakuwa na pa kushika."

"Na atakayetaka kununua kesho, atasoma wapi?"

"Umesema mwenyewe wanaingia wachache."

"Hao wachache, Sajini, kila mmoja ana kichwa." Akachukua kanga, akazima taa. "Silifuti. Na pale hakuna wa kunifutia."

Alifunga duka kwa ufunguo wake mwenyewe. Barabara nzima ilikuwa imetoka kuangalia. Mtoto mmoja wa shule alishika tumbo lake kwa mazoea, kisha akaona koti la polisi, akaliachia. Upande wa pili kibao cha Wifi wa Wote kilikuwa juu ya kufuli la serikali, na chini yake vijana wawili walikuwa wameinamia simu bado.

Konstebo alifungua chumba cha mahabusu, safari hii akakishika kitasa kisigonge ukuta. Mwanamke mnene aliinua macho. Akamwona aliyeingia, akatazama nyuma yake kama anayetafuta mwingine.

"Umekuja kunicheka," akasema.

"Nimekuja na kitovu changu," Bi Tovuti akajibu.

Kisha yule mnene akaanza kutikisika mabega, na haikujulikana mara moja kama ni kicheko au ni kilio. Alisogea, akaivuta kanga yake ikunjuke, ikapatikana nafasi ya mtu wa pili.

"Kaa, wifi," akasema.

Sajini alifunga. Alibaki ameushika ufunguo ndani ya kitasa, na simu ikamtetema mfukoni. Aliitoa. Uso ulikuwa juu ya meseji kama kawaida, mdogo, wa duara, unacheka, na kwenye kona ya picha lile gumba lenye kovu la punje ya dengu.

Wifi, hujasema uletewe wapi.